Sura ya Mchuma Pamba

Mama alikuwa akinambia waziwazi kuwa riwaya yangu haieleweki. "Mara mpelelezi, mara jini, mara mapenzi! Biriani na uji umevipika sufuria moja?"

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Siku za kazi nilikuwa wizarani, Al Khuwair, huku Uarabuni. Alkhamisi, siku yetu ya mapumziko, nilikwenda kwake Sib kumsomea nilichoandika wiki ile. Yeye akishona kofia, mimi nikisoma, kahawa na halua katikati yetu. Sikuwa na msomaji mwengine. Nilishajiambia, Mama akiikataa, naiacha.

Riwaya ilihusu merikani, kile kitambaa kigumu walichovaa bibi zetu Unguja. Jina lake tunalo mdomoni, lakini nani alichuma pamba yake huko Marekani? Watumwa. Kwetu halisemwi hilo, na wao huko hawaitaji Unguja. Mimi lilinikera, nikaamua kuliandika kwa kila njia niliyoijua.

Mama alinuna, lakini hakuniambia niache. Alkhamisi moja, macho kwenye sindano, akauliza, "Ati yule mpelelezi wako keshampata mwizi?" Wallahi nilifurahi! Nilirudi nyumbani nikiimba garini.

Kisha nikamsomea sura ya mwanamke mchuma pamba. Alikufa shambani, kwa sentensi moja, nikaendelea na mpelelezi wangu.

"Ngoja," Mama akasema. "Nani kamkosha kabla ya kuzikwa?"

"Haijulikani, Mama."

"Na sanda?"

Nikageuza ukurasa. Mama akaja juu, machozi yanamlenga. "Watu Unguja wamezikwa kwa sanda za pamba aliyoichuma yeye, na yeye unamwacha vivi hivi?"

"Nimetafuta kila kitabu. Hakuna palipoandikwa."

"Sasa si uandike wewe!"

"Pengine hata hakuwa wa dini yetu."

"Alikuwa mtoto wa watu."

Mama akasogeza vikombe, akaiweka kofia chini, akanambia nishike kalamu. Akaanza kusema, polepole ili niwahi: maji ya uvuguvugu, upande wa kulia kwanza, na mkono uwe laini, maana huyu kachoka.