Wifi Alitaka Kiwanja Kitupu

Mama Sindano, fundi cherehani, alijulikana kwa ulimi mkali kuliko mkasi wake. Lakini siku wifi yake alipomjia bustanini, machozi ya msiba wa mumewe hayajakauka, aliuliza swali moja tu.

"Wifi, kiwanja hiki ni cha kaka yangu," alisema dada wa marehemu, mkono kiunoni. "Msimu umekwisha. Ng'oa mabaki yako, chukua kila kilicho chako, nisikute hata jani."

"Kila kilicho changu?"

"Kila kitu. Mimi si mtu wa kudhulumu."

Mama Sindano akacheka kwa pua. Alipoolewa, pale palikuwa na udongo mwekundu, mgumu kama kigae. Ni yeye aliyebeba samadi kichwani mwaka baada ya mwaka, akafukia maganda ya jikoni, mpaka udongo ukawa mweusi, laini kama unga. Wifi hakuwahi kushika jembe. Alishika kikapu tu, wakati wa kuvuna.

Kesho yake akaanza. Aling'oa minyanya iliyokauka, akaikung'uta mizizi. Akavuta maharage yaliyong'ang'ania miti, akang'oa na miti yenyewe. Kila shina alilitoa na neno lake. Hili la siku uliponiita tasa mbele ya wageni. Hili la kabati ulilohamisha maiti ikiwa bado ndani ya nyumba.

Kisha akamwita mtu wa mkokoteni, akampa koleo.

"Mama, huu si udongo tu?"

"Wangu. Chota mpaka uone wekundu."

Mizigo ikaenda, ikarudi, ikaenda tena, mpaka uani kwa dada yake wa kuzaliwa, alikohamia. Jioni wifi akaja na mbegu zake mkononi, akaduwaa ukingoni mwa shimo.

"Umefanya nini, wewe mwanamke?"

"Nimechukua kilicho changu, wifi. Chako hicho hapo, sijakigusa."

Wifi alipanda hivyo hivyo, kwa ukaidi. Mchicha ukatoka kama masikio ya panya, ukageuka manjano, ukafa. Uani kwa dada yake Mama Sindano, minyanya ilielemea fito.

"Sameheaneni, mlikuwa watu wa nyumba moja," dada yake alimsihi.

"Nitasamehe. Nishibe kwanza."

Tangu hapo Mama Sindano aliiacha njia ya mkato ya kwenda kazini, akawa anazunguka kwa wifi. Asubuhi moja alimkuta akimwagilia ile ardhi nyekundu, maji yakiteleza yote kuelekea barabarani. Akamwamkia kwa adabu zote, akasimama kutazama mpaka ndoo ikaisha.