Nani Anakunywa Maji ya Rejeta Yetu?

Gari letu lilikuwa linakunywa bila kukojoa.

Naomba msicheke kwanza. Nasoma falsafa ya maadili Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, na sina mazoea ya kuandika sentensi za namna hiyo. Nimejaribu kuisema kwa njia nyingine zote, na hakuna iliyoufikia ukweli vizuri zaidi.

Kila jioni Baba aliinua boneti akajaza maji ya kupozea injini mpaka kwenye alama. Ni maji ya rangi ya waridi, ambayo mafundi huyaita kulanti.

Kila asubuhi yalikuwa yameshuka vidole viwili.

Na chini ya gari? Pakavu. Safi. Ungeweza kumwandalia askofu chakula pale.

"Maji hayapotei hivi hivi," alisema Baba. "Si mshahara."

Gari lenyewe ni vani kuukuu iliyonizidi umri. Baba ni seremala. Kwa mikono yake aliliwekea nyuma njia ya mbao ya kupandishia kiti cha magurudumu cha Bibi. Hakuna gari jingine katika ukoo wetu linaloweza kumbeba Bibi na kiti chake bila kumkunja kama mwavuli.

Na Jumamosi hiyo ya Julai, Bibi alitakiwa awe kwa Roswitha, pacha wake, kule milima ya Allgäu, watimize pamoja miaka themanini na mitano. Hawakuwa wameonana tangu Bibi avunjike nyonga. Treni haifiki kijijini kwa Roswitha. Basi hufika, lakini lina ngazi ndefu na dereva mwenye hasira.

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: gari lipone, au Bibi abaki.

Baba akaanza uchunguzi. Kila alipotoka kazini alijilaza chini ya gari na tochi, injini ingali ya moto, akapapasa kila mpira wa maji.

Hakuna tone.

"Yasipotoka nje, yanaingia ndani," akaamua. "Gasketi ya silinda hedi imekufa. Injini inayachoma."

"Tutajuaje?"

"Moshi wa egzosi. Utakuwa mweupe, na harufu yake tamu."

Basi Baba akawa anapiga magoti nyuma ya gari linalonguruma, amefumba macho, ananusa moshi kama mpishi anayepima supu.

Dirisha la juu likafunguliwa. Alikuwa Bi Gaiser, jirani yetu wa ghorofa ya pili, mwanamke ambaye hajawahi kupitwa na jambo.

"Volker! Kama una shida, kuna washauri. Ni bure!"

"Nachunguza gasketi, Bi Gaiser!"

"Ndivyo wanavyoanza wote!"

Moshi haukuwa mtamu. Oili nayo ilikuwa safi, haijageuka maziwa. Tukakosa pa kushika.

Alhamisi jioni Baba aliketi jikoni, akaweka spana mezani polepole, kama askari anayesalimisha bunduki.

"Nimepiga simu. Kesho asubuhi gari la kukokota linakuja. Linaenda kwenye vyuma chakavu."

"Baba! Hatutupi kitu ambacho hatujakielewa!"

Nikatoa hotuba. Nilisema kwamba dunia inazama chini ya vitu vilivyokatiwa tamaa, na kwamba kutengeneza ni tendo la heshima kati ya mtu na kitu.

"Rike mwanangu," Baba akasema, "hiyo heshima nimeilalia juma zima kwenye saruji. Mgongo umekataa. Na kuifungua injini ile ni kazi ya wiki mbili."

"Na Bibi je?"

Bibi alikuwa anakunja vitambaa vya meza. "Mimi msinifikirie," akasema haraka. "Roswitha nitampigia simu."

Alisema haraka mno. Ningelitambua hilo kama ningekuwa nasikiliza, lakini kichwani mwangu hotuba ilikuwa bado inaendelea.

Usiku ule nilifikiri kwa utaratibu. Kama maji hayamwagiki, wala injini haiyanywi, basi kimantiki yanachukuliwa. Kulikuwa na mwizi wa kulanti.

Nikaamua kumkamata. Niliandaa hata maneno ya kumwambia, yasiyomvunjia utu: kwamba ninaelewa mazingira yaliyomfikisha hapo.

Kabla ndege hawajaanza kelele zao, nilikuwa nimeshajilaza ndani ya gari, nimejifunika blanketi.

Nikasikia: kwii. Kwii. Kwii.

Kimya.

Kisha chini yangu kabisa, chini ya sakafu ya gari: chwap. Chwap. Chwap.

Nikausukuma mlango kwa nguvu. "Ninaelewa mazingira yaliyokufikisha—"

Alikuwa Bibi.

Amefunga kitambaa kichwani, ameketi kwenye kiti chake, ndoo mapajani. Mikononi alishika mopu yenye mpini mrefu, na aliisukuma na kuivuta chini ya gari kama mtu anayepiga makasia. Maji ya ndooni yalikuwa ya waridi.

"Funga mlango," akanong'ona. "Utaamsha watu."

"Bibi, unafanya nini?"

"Huoni? Wiki hii zamu ni yetu."

Nyumbani kwetu kila familia ina wiki yake ya kufagia. Zamu ikifika, kibao hutundikwa mlangoni pako, na kuanzia hapo ngazi, ua na mbele ya nyumba ni juu yako. Doa likionekana ndani ya wiki yako, litazungumzwa kwenye duka la mikate mpaka Krismasi.

"Unayafuta kila siku?"

"Kabla Gaiser wa juu hajaamka. Akijua linavuja, atatuambia tusiliegeshe hapa." Akalipigapiga gari ubavuni. "Mtu mzima huyu. Anatoa matone mawili matatu. Nani asiyetoa, kwa umri wetu? Nikamsitiri."

Nikaketi kwenye ukingo wa mlango. Kila kitu kikajipanga. Jioni, injini ikiwa ya moto, mpira hutanuka na kuziba. Ndiyo maana Baba hakuona kitu. Usiku hewa ikipoa mpira hunywea, na maji hutiririka. Alfajiri Bibi hupiga deki.

Baba yangu alikuwa amepambana juma zima na mopu ya mama yake mzazi.

"Lakini jana ulimsikia!" nikasema. "Ulijua linakwenda kukatwakatwa. Mbona hukusema?"

Mopu ikasimama.

"Roswitha hajui."

"Hajui nini?"

"Hiki." Akaligonga gurudumu la kiti. "Kwenye simu namwambia natembea. Juzi nimemwambia nimepanda mcheri kuchuma matunda."

"Bibi!"

"Nilinogewa."

Akayatazama maji ya ndooni. "Maisha yetu yote hakuna aliyeweza kututofautisha. Mwalimu hakuweza. Mchumba wake hakuweza, na hilo tuliache lilipo. Kesho hata kipofu ataweza."

Mimi, mwanafunzi wa maadili, nikashuka nikachuchumaa kando ya kiti chake.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Bi Gaiser akatokea na gauni lake la kulalia, viatu vya mpira miguuni, ndoo huku, mopu kule.

"Nimeliona kutoka ghorofa ya pili, tena bila miwani! Doa la waridi! Walburga, jirani yangu, sogea nikusaidie."

Chini ya gari palibaki nusu ya kidimbwi. Nusu hiyo, na njia yake ya matone, ndiyo iliyokuwa ushahidi wote tuliokuwa nao. Bi Gaiser akipitisha mopu mara moja tu, basi. Gari la kukokota litafika, na hakuna atakayemlaumu Bibi. Alichotakiwa kufanya ni kusogea kidogo.

Bibi alikitazama kidimbwi. Akanitazama mimi.

Kisha akageuza kiti, akakiingiza kati ya Bi Gaiser na gari, akafunga breki.

"Usiguse uchafu wangu, Gaiser."

"Umesemaje?"

"Wiki ni yangu. Uchafu ni wangu. Utakaa hapo mpaka niseme mimi."

Bi Gaiser akashika ukuta. "Walburga, wewe unaumwa?"

"Ndiyo. Na gari pia. Rike, mwite baba yako."

Baba akaja na pajama na tochi, akajitosa chini ya gari bila kuuliza. Tukasubiri. Miguu yake ilikuwa inachezacheza nje.

"Tone!" akapiga ukelele. "Naliona! Tone, jamani!"

Sijawahi kumsikia mtu akitangaza hata mtoto mchanga kwa furaha ile. Bi Gaiser alishindwa kujizuia. Akachuchumaa. "Limulike juu, Volker! Juu! Fuata lilikotoka!"

Akalifuata. Kutoka kwenye chuma cha chini, akapanda kwenye mpira mnene wa rejeta, mpaka nyuma ya pampu, mahali ambapo mkono haufiki ila kwa kuomba ruhusa.

"Klempu ya kubana mpira," ikasikika sauti ya Baba, dhaifu. "Kilikuwa kiklempu tu. Kimeliwa na kutu."

Hakukuwa na muda wa kuomboleza. Tulikinga beseni, Baba akayatoa maji, akauchomoa mpira, akakata ncha iliyochanika, akaurudisha na kuukaza kwa klempu mpya. Mimi nikamimina kulanti kidogo kidogo, hita imefunguliwa mpaka mwisho ili hewa itoke. Mapovu yakaja. Yakapungua. Yakaisha. Tukaliacha gari lingurume mpaka likapata moto, tukalizima, tukangoja lipoe.

Dereva wa gari la kukokota alipoingia uani, alitukuta watu wanne wenye nguo za kulalia, kimya kabisa, tumekodolea macho saruji kavu.

Akavua kofia. "Kuna msiba?"

"Hapana," akajibu Bi Gaiser. "Halivuji."

Yule bwana akavaa kofia yake akaondoka taratibu, kinyumenyume.

Jumamosi tukasafiri. Bibi alivaa gauni lake la buluu. Milima ilipoonekana, akatuinamia kutoka nyuma.

"Mwambieni nimekaa tu kupumzika."

"Kwenye magurudumu, Mama?" Baba akauliza.

"Ni mtindo."

Kwa Roswitha pazia lilitikisika, lakini mlango ulichukua muda mrefu kufunguliwa. Baba akashusha ile njia ya mbao. Bibi akateremka, kidevu juu, kama malkia anayepelekwa kunyongwa.

Mlango ukafunguka.

Kwanza vikatoka viatu, vimepumzishwa kwenye kijikanyagio cha chuma. Kisha magurudumu mawili. Kisha Roswitha, na yeye amevaa gauni la buluu.

Wakatazamana.

"Wewe!" Bibi akasema. "Si umeniambia umejiunga na dansi?"

"Na wewe si ngazi unazipanda mbili mbili?"

"Umeanza kukikalia lini?"

"Baada ya Pasaka. Wewe?"

"Kabla."

"Mwanamke huyu! Lazima anitangulie katika kila kitu!"

Wakacheka mpaka viti vikagongana na kunasa, tairi kwa tairi, na hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Baba alisimama na keki mkononi akitazama huku na huku, kwa sababu, kusema kweli, hakuwa na hakika tena ni yupi tuliyekuja naye.

Wahenga walimwonya mficha maradhi. Mpiga deki walimsahau, na yeye ana hatari zaidi, maana hufanya kazi yake vizuri. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona kitu kinapungua nyumbani kwako na sakafu ni kavu kupita kiasi, usihangaike kumtafuta mwizi. Mtafute anayekupenda, umnyang'anye mopu kwa adabu, kisha ukae naye mlitazame doa pamoja.