Sheria ya Nyumbani kwa Hawah

Nikisikia wasomi wakisema sheria za mataifa hutungwa Geneva, nachefuka. Namjua mwanamke wa Koboko, mpakani mwa Uganda na Sudan, aliyekuwa akizitunga uani kwake, na namjua mjinga aliyemharibia. Mjinga huyo ni mimi, Dramadri, karani wa mahakama ya Arua.

Hawah binti Fadhul, Mnubi, alisuka mikeka na kuwahifadhi waliokimbia vita vya Sudan. Kwake mgeni haulizwi jina. Akishakula sinia moja na watu wa nyumba anapewa jina jipya, na tangu hapo hakuna wa kumtoa. Majirani walifuata hivyo hivyo, na hata askari wa mpakani waliiheshimu desturi hiyo.

Mwaka 1973 alikuja mhadhiri kutoka Kampala, nikawa mkalimani wake. Alikuwa na fikra mpya: sheria ya wakimbizi haitungwi na serikali peke yake, mazoea ya watu wa mpakani nayo huizaa. Nilimpenda papo hapo. Lakini alitaka ushahidi, na ushahidi wake ulikuwa majina.

"Hapana," Hawah alisema. "Mutu akipatia wewe jina, anapatia adui yake pia."

Nilimbembeleza siku mbili. "Mama, dunia nzima itajua wewe ni mtunga sheria." Mwishowe akaniruhusu niwaulize wageni mwenyewe. Yule aliyeitwa Umaru akanong'ona: Kenyi. Alikuwa mpiganaji wa msituni, na amani ilipotiwa saini mwaka 1972 alikataa kuingia jeshi la serikali ya Sudan.

Ofisi moja ya usalama mjini Arua ikadai nakala ya karatasi zote za utafiti. Nikazipiga taipu mwenyewe, majina yote tisa, bila kosa hata moja.

Wiki ya tatu baada ya hapo wanajeshi waliingia uani kwa Hawah na orodha yangu mkononi.

"Kenyi iko wapi?"

Umaru akageuka kabla hajafikiri. Mwaka mzima hakuna aliyemwita hivyo. Hawah alimng'ang'ania shati mpaka likachanika, lakini wanajeshi wakampakia Umaru kwenye lori kuelekea mpakani. Hatukumwona tena.

"Dramadri," Hawah aliniambia, "wewe nasema mimi natengeneza sheria. Haya, rudisha mutoto yangu na hiyo sheria."

Nililia mbele yake, naye hakunijali.

Mwaka uliofuata mhadhiri alinitumia makala yake na shukrani nyingi. Imeandikwa kwamba desturi ile ingali hai Koboko. Uongo mtupu. Tangu siku ile hakuna mkimbizi aliyepiga hodi kwa Hawah.