VLAN yangu ilivyomrusha baba mdogo kwa TV ya wakwe

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenipata mimi mwenyewe pale Kitale, sijaongeza chumvi, na hata nikiandika hapa bado naona aibu.

Mimi ni fundi wa network, nyumbani ni Bungoma. Kuna hoteli moja Kitale ambayo niliifungia mtandao wote. Siku ya maongezi ya mahari na kina Njeri, mchumba wangu, nikasema tukutane hapo hapo, na mimi nionekane kidogo.

Kwa wasiojua, switch ni kile kiboksi ambapo kebo zote za jengo zinakutana. Usipoigawa, kila kifaa kinaona kingine. VLAN inaikata vipande, kila kipande kinaishi kivyake.

Ukumbi niliupa VLAN yake na TV yake. Chumba kidogo cha pembeni nikakipa VLAN nyingine, TV nyingine. Ukiwa huku huwezi kurusha kitu cha simu yako kwa TV ya kule.

Wakwe wakakaa ukumbini, sisi tukaingia chumba kidogo kushauriana.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Wafula, wa Myanga, huko kwetu Bungoma. Mpango wake ulikuwa kulia shida, ati ugonjwa umemaliza ng'ombe. Ng'ombe wenyewe wako Myanga, wanene ajabu.

Alikuwa amejirekodi kwa simu akifanya mazoezi. Sasa akataka kujiona kwa TV kubwa, kama uso una huzuni ya kutosha.

Akabonyeza. TV yetu ikabaki nyeusi.

Akabonyeza tena. Akaongeza sauti. Akarudia.

"Fundi, hii TV yako ni ya nini bana?"

Nikatoka kuangalia switch. Nikipita mlango wa ukumbi nikasikia sauti ya baba mdogo, na nimemwacha nyuma yangu. Nikachungulia. Amejaa TV nzima, ameshika kichwa, analilia ng'ombe. Halafu anaacha kulia, anajiambia, "Hapana, hapo niongeze machozi."

Wakwe wote macho kwa TV, kama wako kanisani.

Wakuu, nilimwona Njeri akienda hivi hivi.

Kwa switch ndio nikaelewa. Meneja, mama mmoja anayependa usafi kupita kiasi, alikuwa amechomoa kebo zote asubuhi akazipanga kwa rangi ili wageni wangu wapate mahali pamependeza. Nyekundu na nyekundu, buluu na buluu. Na VLAN nilizoweka hazijui rangi wala chumba, zinajua port, yaani tundu lenyewe la kuchomekea kebo. Kebo ya Wi-Fi ya chumba chetu ilikuwa kwa tundu la ukumbi, kwa hivyo simu ya baba mdogo ilikuwa inarusha kwa TV ya wakwe.

Kabla nimwonye baba mdogo, ameshaitwa. Akasimama mbele ya wakwe akaanza na ugonjwa wa ng'ombe. Shangazi yake Njeri akamkatiza kwa upole sana.

"Mzee, si hapo ndipo unashika kichwa?"

Na yeye kwa mazoea akakishika.

Ukumbi wote ulicheka hadi baba mkwe akavua miwani. Alipotulia akasema, "Binti tumewapa. Lakini Jumamosi tunakuja Myanga kuwapa pole hao ng'ombe."

Funzo ni kwamba kila port iandikwe jina, na kabati la switch lipigwe kufuli, hata kama meneja ni mtu mzuri.

Mafundi, nyinyi mnazuiaje watu wa kupanga kebo? Na leo ni Alhamisi. Kama kuna mwenye boma kubwa upande wa Cheptais anayeweza kunifichia hao ng'ombe hadi Jumapili, tafadhali acomment haraka.