Mistari Iliyonyooka ya Timotheo

Timotheo alishuka kutoka milima ya Usambara akiwa kijana, akakata mkonge miaka kumi na tisa, na mwaka 1951 akaiaga kazi hiyo akiwa na ng'ombe tisa, mke aitwaye Bertha, na imani kwamba hakuna mmea usioshindwa na mtu anayefuata mstari.

Jumbe wa Mwera alimpa malisho nyuma ya minazi, kwa sharti moja.

"Hapa palikuwa pori la mbung'o," alisema. "Wazee walifyeka mpaka nzi wale wakahama. Pori likirudi, nao watarudi, na ng'ombe wako utawaachia fisi. Weka peupe."

Timotheo akaahidi Kilutheri, yaani bila mbwembwe.

Mwaka wa pili mkulagembe ukaota pembeni, kichaka cha miiba chenye maua ya waridi na manjano, kizuri kukitazama. Timotheo aliukata kama mkonge: chini kabisa, mstari kwa mstari, akafunga matawi thelathini thelathini na kuyazungushia zizi. Bwana Mifugo alipopita na baiskeli yake alisimama, akasifu, akaandika kwenye daftari kwamba huyu ni mfugaji wa mfano. Siku hiyo Bertha alichinja kuku.

Mvua ikanyesha. Kila kisiki kikatoa vijiti sita, na mizizi iliyolala ikainuka hatua tatu mbali kuuliza kulikoni.

Jirani yao alikuwa Bibi Saleha, mjane mwenye mbuzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, unafyeka au unanyoa?"

"Nafyeka."

"Basi nchi hii ina ndevu. Ng'oa mizizi, au niachie mbuzi wangu watafune machipukizi."

"Mbuzi kwenye malisho ya ng'ombe? Watu watasemaje?"

"Watasema kuna mbuzi."

Timotheo alikata tena, na tena. Kiangazi, nyasi zilipokauka, akagundua ng'ombe wanayapenda maganda ya mbegu za mkulagembe, akawa anawaokotea kwa gunia. Kisha, kwa kuwa hakuwa mvivu, akabeba samadi ya zizini na kuimwaga palipobaki udongo mtupu, ili nyasi zirudi. Mbegu ikishapita tumboni mwa ng'ombe huwa na hamu kubwa ya kuota. Masika yalipofika, udongo ule haukuwa mtupu tena. Timotheo aliinama kuitazama. Miche ya mkulagembe ilikuwa imejipanga kwa mistari, kwa sababu samadi aliimwaga kwa mistari.

"Bertha," alisema alipofika nyumbani, "nimekuwa nikiupanda."

"Nani? Wewe?"

"Mimi. Na samadi nimeutilia."

Bertha hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha.

Mwaka 1956 mbung'o wa kwanza akatua shingoni mwa Malkia, ng'ombe wao wa maziwa. Malkia akakonda huku anakula, manyoya yamesimama, macho yanatoka machozi. Wiki ya saba akaanguka, akafa. Bwana Mifugo alikuja na sindano mbili kwa ng'ombe wanane, akauliza kwa nini pori halikufyekwa. Timotheo akasema lilifyekwa. Bwana Mifugo akafunua daftari, akakiri kwamba kweli, imeandikwa.

Ng'ombe walipobaki watatu, Timotheo alikwenda kwa Bibi Saleha na kofia mkononi, kuomba mbuzi. Bibi hakumsimanga. Aliwafungulia wote kumi na wanne, nao wakatafuna kila walichofikia. Lakini vichaka sasa vilimpita mtu kimo mara mbili.

"Mbuzi wangu si twiga, mwanangu," alisema taratibu. "Ungekuja ule mwaka wa ndevu."

Ndipo Timotheo akashika sururu. Kisiki kimoja kilimchukua asubuhi nzima, na visiki vilikuwa vingi kuliko asubuhi alizobakiza.

Mwishoni mwa mwaka ng'ombe alikuwa mmoja, naye amelala, hainuki. Timotheo hakurudi tena kwenye mistari. Alichimba kumzunguka pale alipolala, akisimama kila mara kuwafukuza mbung'o kwa kofia, mpaka ukatokea mduara mdogo wa udongo mtupu, pakawa peupe kama Jumbe alivyotaka.

Bertha akaja na uji.

"Umefika wapi?"

"Hatua tano."

"Na yeye?"

Timotheo akaweka kiganja kwenye mbavu za ng'ombe, akasubiri.

"Anapumua."

Bertha akautua uji chini, akatazama pori lililowazunguka pande zote, kisha akaokota jembe.

"Basi sogea," alisema, "huo mzizi unaupigia pembeni."