Ukucha wa Fundi

Fundi wa nguo, jirani yetu hapa Malaba, hupima joto la pasi ya makaa kwa kuisogeza karibu na shavu. Hivyo hivyo alipima sanduku la viatu aliloliweka kando ya pasi, akiwa amemlaza ndani yake kifaranga wangu. Mama yangu alipofariki, mwaka huu wa 1974, aliniachia kuku ambao sikujua kuwatunza. Niliwawekea maji kwenye karai. Vifaranga wanne wakazama, huyu wa mwisho nikamwopoa akitetemeka.

"Mama, siku hizi unashonea kuku?" mteja mmoja akamtania fundi.

"Huyu anataka nguo ya ubatizo. Suruali yako itangoja, boss."

Hakuinua macho. Aligonga kwa ukucha kifuniko cha kopo chenye punje za wimbi mbele ya kifaranga, akangoja, akagonga tena, kama tetea anavyowaitia wanawe chakula. Asubuhi nzima cherehani ilinyamaza, nami nikasali kimoyomoyo. Saa saba kifaranga akadonoa, mara moja, kisha tena.

"Asante Yesu," nikasema.

Fundi akaitazama mikono yangu iliyokonda tangu mazishi. Akanisogezea sahani ya ugali na omena, akagonga ukingo wake kwa ukucha ule ule, akangoja.