Mbaazi Nilizozisogeza

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kalama likizo, kijana wa fizikia ya chuo kikuu, kichwa kimejaa sifa. Mama alikuwa uani na majirani, anachambua mbaazi kwenye ungo. Akaniuliza, "Mutua, huko unasomea nini hasa?"

Nikauchukua ungo, nikaweka kikombe katikati. "Mama, zaidi ya urefu, upana na kimo, huenda kuna upande mwingine uliofichika. Chembe zinazounda dunia zimepangwa huko. Kikombe hiki ndicho kinachozipa uzito: iliyo karibu nacho inakuwa nzito, ya mbali inakuwa nyepesi. Nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya kila kitu, ziko mbali kabisa, ndiyo maana karibu hazina uzito, na aina zake tatu hubadilika njiani, moja ikawa nyingine." Nikapanga mbaazi moja moja. Majirani wakapiga makofi.

Mama akaziangalia. "Na nani amezipanga hivyo?"

"Ni mimi."

"Mbona hapo?"

"Ndio uzito utoke sawa."

"Sasa ukikosea, si utazisogeza tu?"

Majirani wakaangua kicheko. Wee, niliwaka! Nikamwambia mbele ya watu, "Mama, wewe uliishia darasa la tatu. Nyamaza." Akazirudisha mbaazi zangu kwa zile zingine, akaendelea kutoa mawe.

Miaka tisa hakuniuliza tena habari za kazi yangu. Aliniuliza tu kama nimekula. Kisha vipimo vya nyutrino vikatoka: kiwango kimoja cha kuchanganyika kwa aina zile tatu, ambacho hesabu yangu ilisema ni sifuri, hakikuwa sifuri. Unajua nilifanya nini? Nilizisogeza. Kabla ya chai ya saa nne hesabu ilikuwa inakubali tena, nikaandika kana kwamba nilijua tangu mwanzo, na nikapongezwa. Nilitaka kwenda kumwambia Mama kwamba alisema kweli, lakini aibu ikanifanya niahirishe. Nilipofika Kalama, nilifika kubeba jeneza.

Upande ule uliofichika wa hesabu yangu hakuna aliyeuona bado, na sisemi haupo. Lakini wewe, kabla hujaonyesha watu kazi yako, sema wazi ni kitu gani kikipatikana utakubali umekosea. Na anayekuuliza swali lililokushinda, mwambie hujui, hata kama hakusoma. Usimnyamazishe mtu kwa sababu amekupata.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe mtu wa kukuuliza bila kukuogopa, na akupe moyo wa kumjibu angali anasikia.